Mchangishaji Si Ombaomba: Somo Kutoka kwa Viongozi Weusi wa Marekani

Somo la robo hii linahusu kazi ambayo kila kamati inaihitaji na wachache wanaitaka, yaani kazi ya kuchangisha.

Hali hii sote tunaijua. Kikao kinakwenda vizuri mpaka ajenda ifike kwenye fedha. Mradi umekwisha kupitishwa, ramani imechorwa, makadirio yamesomwa. Mwenyekiti anauliza ni nani atakayekwenda kwa watu na kitabu cha stakabadhi. Kimya. Mmoja anatazama dirishani, mwingine anakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mwishowe kazi hiyo anapewa mama mmoja ambaye siku hiyo hakuhudhuria.

Tunaikimbia kazi hii kwa sababu tunadhani kwamba kuchangisha ni kuomba, na kuomba ni aibu. Tumechagua kujifunza kutoka kwa Wamarekani Weusi kwa sababu wao hawakuwa na nafasi ya kuikimbia. Utumwa ulipokomeshwa nchini mwao mwaka 1865, karibu watu milioni nne walitoka utumwani bila ardhi, bila akiba na bila shule. Shule na makanisa yao mengi yalisimama kwa michango. Watu walioisimamia michango hiyo walikuwa viongozi, ingawa mara nyingi historia ilimkumbuka mhubiri ikamsahau mpishi.

Waimbaji wa Nashville

Chuo cha Fisk kilifunguliwa mjini Nashville, jimbo la Tennessee, mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Miaka mitano baadaye kilikuwa na madeni na majengo yake yalikuwa yanachakaa. Mweka hazina wake, Mzungu aitwaye George White, alikuwa pia mwalimu wa kwaya. Tarehe 6 Oktoba 1871 aliondoka na wanafunzi tisa kwenda kuimba katika miji ya kaskazini ili kukiokoa chuo. Wengi wa vijana hao walizaliwa utumwani. Mpiga piano wao na msaidizi mkuu wa mwalimu alikuwa Ella Sheppard, binti ambaye baba yake alimkomboa kwa fedha.

Siku chache baada ya kuondoka, moto mkubwa uliunguza mji wa Chicago. Tamasha lao moja la mwanzo liliingiza chini ya dola 50. Walikuwa na deni, njaa na nguo nyepesi wakati baridi inakaribia, lakini fedha zote walizipeleka kwa waathirika wa moto ule. Walianza kazi ya kuchangisha kwa kutoa.

Funzo la pili lilikuja polepole. Mwanzoni waliimba nyimbo zilizopendwa na Wazungu wa wakati ule, na watu hawakuguswa sana. Nyimbo za dini za wazazi wao, zilizotungwa katika utumwa, waliziimba faraghani tu, kwa kuwa waliziona takatifu na pia zilikuwa na kumbukumbu chungu. Walipoanza kuziimba hadharani, watu walilia na mikono ikaingia mifukoni. Kwaya ikapewa jina la Jubilee Singers, kwa kukumbuka mwaka wa yubile katika Mambo ya Walawi sura ya 25, ambapo watumwa huachwa huru. Safari ile ya kwanza iliwaletea dola 20,000. Mwaka 1873 waliimba Uingereza mbele ya Malkia Victoria. Jengo la Jubilee Hall, lililojengwa kwa jasho lao, lilikamilika mwaka 1876 na bado limesimama.

Tusisahau gharama yake. Mara nyingi hoteli ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao. Waliimba usiku baada ya usiku kwa miaka, na afya za baadhi yao ziliharibika. Chuo kilipona, lakini baadhi ya waliokiponya waliugua.

Mwalimu wa Daytona

Mary McLeod Bethune alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la South Carolina, mtoto wa 15 kati ya watoto 17, na wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Mwezi Oktoba 1904 alifungua shule ya wasichana mjini Daytona, Florida, akiwa na dola moja na nusu na wanafunzi watano. Makasha yaligeuzwa madawati, na wino ulitengenezwa kwa matunda ya porini. Mwalimu na wanafunzi walipika pai za viazi vitamu wakawauzia wafanyakazi wa reli.

Daytona ulikuwa pia mji wa matajiri waliokuja kukwepa baridi ya kaskazini. Bethune aliwaendea bila kujificha. Mmoja wao, James Gamble, wa familia ya wenye kiwanda cha sabuni cha Procter & Gamble, alikubali kuingia katika bodi ya wadhamini. Hebu tuangalie jinsi alivyofanya. Bethune hakumkaribisha tajiri awe mfadhili wa kutoa hundi na kuondoka, bali alimpa kiti na wajibu. Na alipomkaribisha, pai zilikuwa zimekwisha kuuzwa na wasichana walikuwa wamekwisha kuanza kusoma. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Bethune-Cookman.

Mpishi wa Montgomery

Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi. Siku nne baadaye Weusi wa mji ule walianza kususia mabasi, na wakaendelea kwa siku 381. Mchungaji Martin Luther King alichaguliwa kuongoza chama chao akiwa na umri wa miaka 26.

Habari hiyo wengi tunaijua. Tusilolijua ni nani aliyelipia petroli. Watu walihitaji kufika kazini, na magari ya kujitolea yapatayo 300 yaliwabeba kila siku. Magari hayo yalihitaji mafuta, matengenezo na bima.

Georgia Gilmore alikuwa mpishi na mkunga, mama wa watoto sita. Aliwakusanya wanawake wenzake wakaanza kupika kuku wa kukaanga, mikate iliyojazwa nyama, keki na pai. Waliuza katika saluni, makanisani na milangoni mwa watu. Jina la kundi lao lilimaanisha Klabu Isiyotoka Popote. Wengi wao walikuwa watumishi katika nyumba za Wazungu, na mwajiri akijua kwamba mtumishi wake anauchangia mgomo, angemfukuza. Kulikuwa pia na Wazungu walionunua kimyakimya. Kwa hiyo mtu akiuliza fedha zimetoka wapi, jibu lilikuwa tayari katika jina lenyewe: hazikutoka popote. Gilmore peke yake ndiye aliyejua nani ametoa.

Lakini katika mkutano wa hadhara kanisani, Gilmore alisimama akatangaza kiasi kilichopatikana wiki ile, mara nyingi zaidi ya dola 100, na umati ukashangilia. Upande mwingine wa mji mama mwingine, Inez Ricks, aliunda kundi lake, na makundi mawili yakashindana kwa furaha nani ataleta zaidi.

Wapendwa, hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Jina la mtoaji lilifichwa, kiasi cha fedha kilitangazwa. Kwetu mara nyingi huwa kinyume chake. Majina yanasomwa kwa kipaza sauti, fulani elfu hamsini, fulani elfu mbili, mpaka mjane aone haya kurudi Jumapili ijayo. Ikifika taarifa ya mapato na matumizi, sauti inashuka, au taarifa inaahirishwa mpaka kikao kijacho. Mpishi wa Montgomery alijua kwamba mtoaji analindwa na fedha inaonyeshwa.

Mwezi Machi 1956 King alishtakiwa kwa ajili ya mgomo ule. Gilmore alitoa ushahidi mahakamani jinsi dereva wa basi alivyochukua nauli yake, akamwamuru ashuke akaingilie mlango wa nyuma, kisha akaliondoa basi kabla hajapanda. Baada ya ushahidi huo alipoteza kazi yake ya mgahawani. King alimtia moyo apike nyumbani kwake mwenyewe, na meza yake ikawa mahali ambapo viongozi wa harakati, Weusi na Weupe, walikula pamoja.

Tuseme kweli kwamba pai pekee hazikubeba mgomo wote. Fedha nyingi zilitoka mbali, kwa makanisa, vyama na watu binafsi. Lakini aliye mbali alimpa mtu aliyemwona anatembea kwa miguu na kuuza kuku ili asipande basi. Mchango wa nyumbani ulikuwa ushahidi kwa mchango wa mbali. Ndivyo Mtume Paulo alivyowaambia Wakorintho habari za makanisa ya Makedonia, yaliyotoa katika umaskini wao (2 Wakorintho 8).

Vyuo 27, kapu moja

Katika miaka ya vita kuu ya pili, vyuo binafsi vya Weusi vilikuwa katika hali ngumu. Kila mkuu wa chuo alisafiri peke yake kubisha hodi kwa wahisani wale wale. Mwaka 1943 mkuu wa chuo cha Tuskegee, Frederick Patterson, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa mifugo, aliandika gazetini akipendekeza vyuo viunganishe nguvu na kuomba pamoja. Mwaka 1944 vyuo 27 vilianzisha mfuko mmoja uitwao United Negro College Fund. Kampeni ya kwanza ilipata zaidi ya dola 700,000. Mtendaji wake wa kwanza, William Trent, aliuongoza kwa miaka 20, na mfuko huo unaendelea kusomesha vijana hadi leo.

Haikuwa rahisi. Kila mkuu alilazimika kuwaleta wahisani wake wapenzi mezani pa wote. Parokia jirani zinazogombania mhisani mmoja zina la kujifunza hapa.

Kazi yenye heshima yake

Siku hizi uchangishaji ni taaluma yenye mafunzo, maadili na vyama vyake. Hata hivyo, kwa muda mrefu Weusi walioajiriwa katika kazi hiyo nchini Marekani walikuwa wachache, na mara nyingi mtu alijikuta peke yake ofisini. Mwaka 1999 Birgit Smith Burton, mchangishaji wa mjini Atlanta, alianzisha mtandao wa kuwakutanisha, ili wafundishane, waelekezane kwenye nafasi za kazi na kutiana moyo. Baadaye yeye mwenyewe aliongoza bodi ya AFP, chama kikubwa cha wachangishaji kilichoanzishwa mwaka 1960. Tunamtaja ili ijulikane kwamba mstari ule ulioanza na Ella Sheppard haujakatika, na kwamba mchangishaji naye anahitaji wenzake.

Tunajifunza nini?

Kwa kamati za parokia tunasema haya. Msimtume mtu kuomba kabla ninyi wenyewe hamjatoa, hata kama ni kidogo. Tumieni kile kilicho chenu, iwe ni kwaya, shamba au mapishi, maana watu huguswa na kitu cha kweli. Mlindeni mtoaji mdogo asiaibishwe. Bandikeni mahesabu ukutani kanisani, kwa lugha ambayo bibi wa safu ya nyuma ataielewa. Na yule mama mnayemkabidhi kitabu cha stakabadhi, mpeni kiti katika kamati. Anayeaminiwa kukusanya fedha aaminiwe pia kusema zitumikeje.

Kwenu wahisani tunasema kwa upole na bila kuficha. Mara nyingi mnapenda kila shilingi iende kwenye matofali, na nauli ya mchangishaji mnaiona hasara. Kumbukeni vijana wa Nashville waliosafiri bila makoti. Jengo mnaloliona lilianza na mtu aliyetembea. Nauli yake, chakula chake na mafunzo yake ni sehemu ya jengo.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mwaka uliopita, nani alifanya kazi ya kuchangisha katika parokia yetu? Je, yumo katika kamati? Tumewahi kumshukuru mbele ya watu?

2. Kwetu kinachotangazwa ni nini, na kinachofichwa ni nini? Tufanye nini ili mtoaji alindwe na fedha ionekane?

3. Tuna kitu gani cha kwetu, kama zile nyimbo za Fisk, ambacho tumekuwa tukikionea haya?

4. Ni parokia gani jirani tunayoweza kuchanga nayo pamoja badala ya kushindana nayo?

Georgia Gilmore alifariki mwezi Machi 1990. Siku zile alikuwa akiandaa chakula kwa ajili ya watu waliokuja kuadhimisha miaka 25 ya maandamano ya kutoka Selma hadi Montgomery. Chakula alichokipika kililiwa na waliokuja kumlilia. Kikao kijacho, mwenyekiti atakapouliza nani atachukua kitabu cha stakabadhi, tunaomba mkono mmoja uinuke bila kusubiri, na wengine waseme: tutakwenda pamoja nawe.