Somo la Mwezi: Miti ya Lishe Mahali pa Sakitu

Ndugu wanakikundi wa Kinangop na Ol Kalou, sakitu mnaijua, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Usiku wa Januari ukikosa mawingu na upepo, asubuhi nyasi ni nyeupe, na jua likipanda majani yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Maziwa nayo yanapungua wakati huohuo wa kiangazi.

Kikundi kimoja nilichotembelea kilipanda kaliandra karibu na mto, penye udongo mzuri. Sakitu ikapiga yote. Wakaing'oa, ikawa kuni. Mimi nilikwangua ganda la shina moja kwa ukucha: karibu na ardhi palikuwa kijani! Mti ulikuwa hai. Basi usikimbilie panga. Ngoja wiki kadhaa uone machipuko yanatokea wapi, ndipo ukate juu yake.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali. Hewa baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Panda kwenye mteremko. Ua mnene ukikinga mteremko, acha mapengo baridi ipite.

Halafu aina. Kaliandra ni ya Amerika ya Kati. Kupita mita 2,000 hivi inaanza kusumbuka. Huko juu afadhali lusani ya mti, iliyotoka Visiwa vya Kanari. Ikikomaa huvumilia sakitu kidogo, lakini maji yaliyotuama huiua.

Panda mvua ya Machi na Aprili ikianza, ili mti ukaze kabla ya Januari. Miche michanga ifunike jioni kwa gunia lililoegemea vijiti, na asubuhi ufunue. Matandazo, ambayo siku zote tunayasifu, msimu huo yasogeze kando: udongo ulio wazi na wenye unyevu hushika joto la mchana na kulitoa usiku.

Usikate matawi Novemba wala Desemba, kwa maana machipuko laini ndiyo huungua kwanza. Kata Septemba, anika majani kivulini, weka kwenye gunia. Kilo 3 za kaliandra mbichi hukaribia kilo 1 ya chakula cha dukani, na nyinyi mnajua bei yake.

Maswali ya kujadili:
Katika shamba lenu, sakitu hulala wapi kwanza?
Nani kati yenu aling'oa mti bila kukwangua ganda?
Kitalu cha kikundi kiko juu au bondeni? Nani atakihamisha, na lini?