SOMO LA AFYA: MJITOLEAJI AKIBISHA HODI, MUULIZE

Katika somo la leo tutazungumza juu ya watu wanaojitolea kuhudumia afya vijijini. Tutajifunza kazi yao ni nini, kwa nini wakati mwingine hawaaminiwi, na sisi tuna wajibu gani kwao. Soma polepole. Kama jirani yako bado hajui kusoma, msomee.

Mjitoleaji ni nani?

Mjitoleaji ni mtu anayewasaidia wenzake kwa hiari yake, bila mshahara. Anaweza kuwa mkulima, mvuvi au mama wa nyumbani kama wewe. Amefundishwa mambo machache ya afya, na anayafikisha nyumba kwa nyumba.

Kazi hii ilianza zamani. Mwezi Juni 1859 majeshi yalipigana huko Solferino, kaskazini mwa Italia. Maelfu ya majeruhi walikosa msaada. Wanawake wa Castiglione, mji mdogo wa jirani, waliwaosha vidonda na kuwapa maji. Hawakuuliza huyu ni askari wa upande gani. Henry Dunant, mfanyabiashara kutoka Uswisi, aliyaona hayo. Juhudi zake zilisaidia kuanzishwa kwa Msalaba Mwekundu mwaka 1863.

Hapa Tanzania tunaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi hivyo hawakutoka mbali. Walikuwa watu wa kijiji wenyewe.

Mjitoleaji anapofika nyumbani

Tuchukue mfano. Kipindupindu kimeingia katika kata. Kijana mmoja anafika kwa mama jirani.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini humo mfukoni?"

"Vidonge vya kutibu maji, mama. Nimetumwa na zahanati."

Mama ananyamaza. Halafu anasema, "Nasikia kule ng'ambo ya mto walipogawa vidonge hivyo, watu ndipo walipoanza kuugua."

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungejibu nini? Usimcheke mama huyu. Ameuliza swali zuri, na swali zuri linataka jibu.

Uvumi unaua

Mwaka 2009 kipindupindu kililipuka katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walikwenda vijijini kutia dawa ya klorini katika maji. Kwa Kireno dawa hiyo huitwa "cloro", na kipindupindu huitwa "cólera". Maneno haya yanakaribiana kwa sauti. Ukaenea uvumi kwamba wajitoleaji wanatia ugonjwa visimani. Watu waliokuwa na hofu na hasira waliwashambulia. Baadhi ya wajitoleaji waliuawa na watu waliotaka kuwasaidia.

Tusiseme watu wale walikuwa wajinga. Waliona ndugu zao wakifa. Waliona watu wanatia kitu chenye harufu kali ndani ya maji yao. Mtu ambaye hakuelezwa jambo hujieleza mwenyewe, naye anaweza kukosea.

Sasa tufikiri pamoja. Kwa nini mjitoleaji na ugonjwa huonekana mahali pamoja? Ni kwa sababu mjitoleaji hupelekwa mahali ambapo ugonjwa umekwisha kuingia, au unakaribia kuingia. Tena mtu aliyekunywa vijidudu vya kipindupindu anaweza kuanza kuugua baada ya saa chache, au hata baada ya siku tano. Mtu anaweza kunywa maji machafu Jumatatu, akapewa vidonge Jumatano, akaugua Alhamisi. Kilichomwuguza ni maji ya Jumatatu.

Nyumba ikiungua, majirani hukimbilia huko na ndoo za maji. Je, utasema kuwa ndoo ndizo zilizowasha moto?

Tuujue ugonjwa wenyewe

Kipindupindu huletwa na vijidudu vinavyotoka katika kinyesi cha mgonjwa. Vijidudu hivyo huingia mdomoni kwa maji, chakula au mikono michafu. Mgonjwa huharisha maji meupemeupe kama maji yaliyooshea mchele, na huweza kutapika. Maji na chumvi hutoka mwilini kwa haraka sana. Macho huingia ndani, mdomo hukauka, ngozi ikifinywa hurudi polepole. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa jioni.

Lakini mgonjwa akirudishiwa maji na chumvi mapema, karibu wote hupona. Ndiyo sababu mjitoleaji anakufundisha mambo haya:

1. Mgonjwa aanze kunywa hapo hapo nyumbani. Changanya pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi.

2. Kama huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kilima. Koroga mpaka viyeyuke. Usizidishe chumvi, maana chumvi nyingi ni hatari.

3. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara. Akitapika, ngoja kama dakika 10, kisha umpe tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

4. Maji uliyochanganya leo yasitumike kesho. Changanya mengine.

5. Mpeleke mgonjwa zahanati bila kuchelewa, na njiani aendelee kunywa. Usingoje kuche.

6. Chemsha maji ya kunywa, au yatibu kwa vidonge ukifuata maelezo ya pakiti. Ukitumia vidonge, ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Harufu utakayoisikia ni ya dawa inayoua vijidudu. Siyo harufu ya ugonjwa.

7. Tumia choo. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni, na kabla ya kupika, kula au kumlisha mtoto.

Namna ya kumtambua mjitoleaji wa kweli

Mjitoleaji wa kweli hutambulishwa na serikali ya kijiji. Ukimwuliza ametumwa na nani, hakasiriki. Hakuuzii vidonge wala hakudai kuku. Hapigi sindano. Ugonjwa ukimshinda, hukwambia nenda zahanati. Ukiwa na shaka, mwulize mwenyekiti wa kitongoji au mganga wa zahanati. Kuuliza si ujinga.

Na wewe mjitoleaji, eleza kwanza, kisha ndipo ufungue mfuko. Waonyeshe watu kidonge. Soma pakiti kwa sauti. Tibu maji mbele yao, na baada ya nusu saa wewe uwe wa kwanza kuyanywa. Hilo litawafundisha kuliko maneno mengi.

Wajibu wetu

Mjitoleaji naye ana shamba na watoto. Akitembea nyumba 20 kwa siku wakati wa palizi, shamba lake linaota majani. Hatumlipi mshahara, lakini tusimwache aumie. Tukipanga zamu, watu kumi wanaweza kupalilia shamba lake asubuhi moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena tusimwachie kazi yote. Hawezi kukuchimbia choo. Hawezi kukuchemshia maji kila siku. Yeye anafundisha, wewe unatenda.

Turudi kwa yule mama. Kijana hakumkemea. Aliomba ndoo ya maji, akatia dawa mbele yake, wakaketi chini ya mwembe wakizungumza mpaka nusu saa ikapita. Kijana akanywa kikombe kizima. Mama akamtazama, kisha akasema, "Haya, mwanangu, niachie na mimi. Halafu twende wote kwa shangazi yako. Yeye ndiye aliyeniambia ule uvumi."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini watu wa Nampula waliogopa dawa ya klorini?
2. Taja dalili tatu za mtu aliyepungukiwa maji mwilini.
3. Utatia sukari na chumvi kiasi gani katika lita moja ya maji?
4. Je, kijijini kwenu nani wanajitolea? Mmewasaidiaje?

Kazi ya wiki hii: Pima lita moja kwa chupa yako nyumbani na uitie alama. Siku ya ugonjwa hutakuwa na muda wa kutafuta kipimo.