Sarafu, Bahari na Tabia ya Nchi

Mwanafunzi wa fizikia amezoea kufundishwa kwamba kila badiliko lina chanzo chake. Joto la uso wa bahari likipanda kwa miezi kadhaa, kisha likashuka, huuliza mara moja: limesababishwa na nini? Mwaka 1976 Klaus Hasselmann, mwanafizikia wa mjini Hamburg, Ujerumani, alionyesha kwamba huenda pasiwe na chanzo kimoja cha kutafutwa.

Angahewa hubadilika upesi. Dhoruba huzaliwa na kufa katika muda wa siku chache. Bahari hubadilika polepole. Tabaka la maji lenye kina cha mita 2.5 tu huweza kutunza joto sawa na angahewa yote iliyo juu yake, nalo tabaka ambalo upepo hulikoroga hufikia makumi ya mita. Je, vitu viwili vyenye mwendo tofauti kiasi hicho vitaingizwaje katika hesabu moja? Kukokotoa kila wingu na kila kimbunga kidogo cha vumbi hakuwezekani hata kwa kompyuta za leo. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuchukua wastani wa hali ya hewa na kuutia katika milinganyo ya bahari. Hasselmann aliiona kasoro ya njia hiyo, nasi twaweza kuiona kwa sarafu moja.

Tuseme X ni joto la bahari, juu au chini ya kiasi chake cha kawaida. Anza na X = 0. Rusha sarafu. Kila mara zidisha X kwa 0.9, maana bahari hurudi polepole kwenye hali yake. Kisha ongeza 1 ikiwa umepata kichwa, au toa 1 ikiwa umepata upande wa pili. Kichwa, kichwa, upande wa pili, kichwa: X itakuwa 1, 1.9, 0.71, 1.64. Endelea hadi mara 200, kisha chora grafu.

Utaona vilima na mabonde yanayodumu kwa makumi ya hatua. Sarafu haina kumbukumbu, lakini X inayo. Wanafunzi wangu huanza papo hapo kutafuta sababu ya kila kilima, ingawa sarafu wameirusha kwa mikono yao wenyewe! Na wastani wa sarafu ni sifuri: ukiutumia wastani huo badala ya sarafu zenyewe, X haitaondoka kwenye sifuri kamwe. Ndivyo wastani unavyofuta jambo lenyewe tunalotaka kulieleza.

Fikra hii ina asili yake. Mwaka 1827 Robert Brown aliona kwa hadubini chembe zilizotoka katika chavua zikitangatanga majini. Mwaka 1905 Einstein alieleza kwamba husukumwa na molekuli zisizohesabika. Kwa Hasselmann, bahari ni chembe, na hali ya hewa ya kila siku ni molekuli. Mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Si kila badiliko la bahari ni la nasibu. El Niño, kwa mfano, ina utaratibu wake wa upepo na maji ya Pasifiki. Wala mtu asidhani kwamba ongezeko la joto duniani limeelezwa hapa kuwa bahati tu. Hasselmann huyo huyo alitafuta njia ya kulitambua: kwanza pima jinsi nasibu inavyoweza kutangatanga, kisha uliza kama badiliko lililoonekana limevuka mipaka hiyo. Katika mchezo wetu, X hukaa mara nyingi sana kati ya −4.6 na +4.6.

Mwalimu na aligawe darasa katika makundi kumi. Kundi moja, kwa siri, liongeze 0.3 zaidi katika kila hatua kuanzia ya 101. Grafu zote zibandikwe ukutani bila majina. Ni baada ya hatua ngapi darasa litaweza kulitaja kundi hilo bila kubahatisha?