Hita ya gesi hula hewa ile ile unayopumua

Na MWANDISHI WETU

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti ikifika, wakazi wa Nairobi, Limuru, Nyahururu na sehemu nyingine za nyanda za juu hujua kwamba koti pekee halitoshi. Usiku baridi hushuka hadi nyuzi 10 za sentigredi au hata chini ya hapo, na nyumba zetu nyingi hazikujengwa na mahali pa kuota moto. Kila mtu basi hutafuta njia yake. Anayemudu bili ya stima huchomeka hita ya umeme. Asiyeimudu huingiza jiko la makaa chumbani. Na siku hizi wengi wamenunua hita ya gesi, ile yenye magurudumu ambayo mtungi hukaa mgongoni mwake, au kile kichwa kidogo kinachofungwa juu ya mtungi wa kilo 6.

Ni kweli kwamba gesi huwaka kwa usafi kuliko makaa. Lakini wako waliodhani kwamba kwa kuliacha jiko la makaa wameiacha na hatari yake. Sivyo. Leo tutajifunza hatari hiyo ni ipi, hutokea vipi, na namna ya kuifunga na kuitumia hita ya gesi bila kuhatarisha maisha.

Tuanze kwa mfano. Tuseme kuna familia ya watu wanne wanaoishi katika chumba kimoja. Ni Julai, mvua ya manyunyu imenyesha kutwa. Jioni baba afunga dirisha, aziba mwanya wa chini ya mlango kwa gunia, kisha awasha hita. Wanakula na kulala, hita ikiwaka kwa moto mdogo. Alfajiri mama aamka kichwa kikimgonga. Kitinda mimba atapika. Baba ahisi miguu haina nguvu na asema, "Ni ile githeri ya jana." Wanatoka, huyu kazini, yule sokoni, watoto shuleni, na kufikia adhuhuri wote wamepona. Jioni wafunga dirisha na kuwasha hita tena.

Je, ni githeri kweli?

GESI MBILI, SI MOJA

Mwenye hita ya gesi hana budi kujua kwamba anaishi na gesi mbili tofauti.

Ya kwanza ni ile iliyo ndani ya mtungi, mchanganyiko wa propani na butani. Kwa asili haina harufu, lakini viwanda huitia dawa yenye uvundo ili ikivuja mtu ainuse. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, bali hutambaa sakafuni, hujaa pembeni na chini ya kitanda, ikingoja cheche. Usiku wa Februari 1, 2024, wakazi wa Embakasi jijini Nairobi waliona gesi iliyovuja inavyoweza kuenea na kulipuka. Watu kadhaa walifariki na mamia wakajeruhiwa.

Ya pili haimo mtungini. Hutengenezwa na moto wenyewe. Gesi ikiwaka mahali penye hewa tele, hutoa joto, mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksidi. Oksijeni ikipungua, moto hauwezi kumaliza kazi yake, na badala yake hutoa kaboni monoksidi. Hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho wala koo. Pua yako haiwezi kukuonya.

Ubaya wake ni huu. Katika damu mna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata kiasi kidogo hewani chatosha kuzijaza nafasi nyingi. Mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida, lakini ubongo wake unakosa hewa. Mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard aliyaeleza haya katika miaka ya 1850. Baadaye wachimba migodi wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege wadogo ndani ya vizimba, kwani ndege huzidiwa mapema kuliko binadamu. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986.

HESABU YA CHUMBA CHA FUTI 10 KWA 10

Hita kubwa ya vigae vitatu, ikiwashwa yote, huchoma karibu gramu 300 za gesi kwa saa. Kilo moja ya gesi huhitaji takriban mita 12 za ujazo za hewa ili iwake sawasawa. Sasa chukua chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ndicho makao ya wakazi wengi wa mijini. Hewa yote iliyomo ni kama mita 22 za ujazo tu. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano.

Ukikiziba chumba hicho kabisa na kuwasha vigae vyote vitatu, kwa hesabu oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi kama asilimia 17 kwa muda wa saa moja. Hita nyingi nzuri zina kifaa kinachozima moto oksijeni ikifika karibu asilimia 18. Vile vichwa vidogo vya kufunga juu ya mtungi kwa kawaida havina kifaa hicho. Nacho hakitoshi kuwa mlinzi wako wa pekee, kwa sababu hita chafu au mbovu yaweza kutoa kaboni monoksidi hata kabla oksijeni haijashuka kiasi hicho.

Iko ishara moja ambayo kila mtu anaweza kuiona. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Ukiona maji yakitiririka kwenye vioo vya dirisha na ukuta umelowa, jua kwamba hewa ya chumba haibadiliki. Fungua dirisha mara moja.

Kuhusu jiko la makaa, neno ni moja: lisiingie chumbani hata kidogo. Wengi huamini kwamba moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu, hatari imekwisha. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, kuliko hita ya gesi iliyo nzima.

DALILI ZAKE

Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, miguu hukosa nguvu, kifua humbana, kisha huzirai. Hewani zikiwemo sehemu 400 za kaboni monoksidi kwa kila sehemu milioni moja, kichwa huanza kuuma kwa muda wa saa moja au mbili. Zikifika 1,600, mtu aweza kufa ndani ya saa moja au mbili. Aliyelala haamki, kwa kuwa hupita kutoka usingizini hadi kuzirai bila kujua.

Dalili hizi hufanana sana na za malaria, mafua au chakula kibaya. Jiulize maswali matatu: Je, watu wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja? Je, hawana joto la homa? Je, hupata nafuu wakitoka nje na kuumwa tena wakirudi ndani? Ukijibu ndiyo, shuku hita au jiko kabla ya kushuku chakula.

Walio katika hatari zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye ugonjwa wa moyo au pumu, na kina mama waja wazito, kwani gesi hii hupenya hadi kwenye damu ya mtoto aliye tumboni.

KUIFUNGA HITA

Nunua mtungi kwa muuzaji mwenye leseni, wenye lakiri isiyovunjwa. Mtungi uliobonyea au ulioshika kutu usiukubali.

Tumia regulata ya msukumo mdogo iliyotengenezewa hita au jiko la nyumbani. Ile ya majiko makubwa ya hoteli haifai. Mpira uwe wa gesi hasa, wenye alama ya ubora ya KEBS, na usizidi mita moja na nusu. Ufunge kwa klipu za chuma pande zote mbili, si kwa waya wala kamba ya plastiki. Ukiona umepasuka, umekauka au umekuwa laini kupita kiasi, utupe.

Ukishafunga, koroga sabuni na maji, paka kwenye kila kiungo, kisha fungua gesi bila kuwasha moto. Povu likivimba, gesi inavuja. Kamwe usitafute mvujo kwa njiti ya kiberiti.

Mtungi husimama wima wakati wote. Ukiulaza, gesi iliyo majimaji yaweza kutoka na kuufanya moto uruke. Ile tabia ya kuutumbukiza mtungi katika maji moto au kuupindua ili "kukamua" gesi ya mwisho iachwe. Badilisha mtungi moto ukiwa umezimwa kabisa, ikiwezekana nje ya nyumba, pasipo sigara, mshumaa wala jiko karibu.

KUIWASHA NA KUITUMIA

Kwanza fungua dirisha, ndipo uwashe. Nafasi ya upana wa kiganja juu ya dirisha na mwanya wa chini ya mlango vyatosha kuifanya hewa izunguke bila kukifanya chumba kiwe baridi tena. Vitundu vya hewa alivyoviacha fundi ukutani usivizibe kwa magazeti.

Weka hita mahali tambarare, umbali wa mita moja au zaidi kutoka kwa kitanda, pazia, kochi na nguo. Usianike soksi wala nepi juu yake. Usiisukume ikiwa inawaka. Usiitumie bafuni wala katika chumba ambacho watu wamelala. Zile hita ndefu za mwavuli zinazowekwa kwenye bustani za hoteli ni za nje tu.

Tazama rangi ya moto. Wa buluu, au vigae vinavyong'aa wekundu ulio sawasawa, ni dalili njema. Ukiwa wa manjano, ukirukaruka au ukiacha masizi, zima na umwite fundi. Hita iliyokaa kabatini tangu mwaka jana isafishwe vumbi na utando wa buibui kabla ya kuwashwa, na ikaguliwe na fundi mara moja kwa mwaka.

Yafaa pia kununua king'ora cha kaboni monoksidi, chombo kidogo cha betri ambacho hulia gesi hiyo ikizidi. Hata hivyo, king'ora hakichukui nafasi ya dirisha.

Na kabla ya kulala, zima. Funga valvu ya mtungi, si kitufe cha hita pekee. Pasha chumba joto jioni, kisha lala kwa blanketi mbili.

UKINUSA GESI

Zima kila moto. Funga valvu ya mtungi ikiwa waweza kuifikia kwa usalama. Fungua milango na madirisha. Usiguse swichi ya stima, ama kuwasha ama kuzima, wala usipige simu ukiwa ndani, kwa sababu cheche ndogo yatosha. Watoe watu wote nje, ndipo uite msaada kwa nambari 999 au 112.

UKIMKUTA MTU AMEZIRAI

Usikimbilie kukaa naye ndani. Utaanguka kando yake. Fungua mlango wazi, vuta pumzi nje, ingia umtoe haraka kwenye hewa safi. Ikiwa anapumua, mlaze ubavu. Ikiwa hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua kama unajua, huku mwingine akiita gari la wagonjwa.

Usipoteze wakati kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi gesi hii katika damu, na aliyezirai yaweza kumpalia. Dawa yake ni oksijeni. Akipumua hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi sita kupunguza sumu hiyo kwa nusu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa hospitalini, huchukua kama saa moja hadi moja na nusu.

Mwambie daktari waziwazi kwamba hita au jiko lilikuwa likiwaka. Kile chombo cha kubana kidole cha kupima oksijeni chaweza kuonyesha kwamba mgonjwa ni mzima, kwa sababu hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi. Kipimo cha damu ndicho husema kweli. Hata aliyepona arudi kwa daktari akianza kusahausahau au kubadilika tabia, kwani madhara kwenye ubongo huweza kujitokeza siku au majuma kadhaa baadaye.

Turudi kwa familia yetu ya watu wanne. Asubuhi ile ya kwanza walipewa onyo, wakalilaumu githeri. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Hakuna aliyekuwa ameambiwa tu. Wewe sasa umeambiwa. Leo jioni, kabla hujashika kitufe cha hita, shika kwanza komeo la dirisha, na umweleze jirani yako ni kwa nini.