Je, Uongo Waweza Kuwa Haki?

Somo: Kutoka 1:15-21

Waalimu huulizwa darasani: ikiwa Amri ya Nane yakataza uongo, mbona Shifra na Pua, wazalisha wa Waebrania, walimdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema?

Kwanza tutazame maandiko. Wanawake wale walimcha Mungu, wakawahifadhi hai watoto wa kiume. Thawabu yao yatajwa kuwa ni kwa ajili ya kumcha Mungu, wala si kwa ajili ya maneno waliyomjibu Farao. Ndivyo alivyofundisha Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, karibu na mwaka 395 na 420. Alisema kila uongo ni dhambi, ingawa dhambi hizo hazina uzito mmoja. Mungu aliilipa huruma yao.

Pili, tukumbuke kwamba mara nyingine iko njia ya tatu. Mwaka 1942, katika kijiji cha Le Chambon-sur-Lignon, Ufaransa, watu walikuwa wakiwaficha Wayahudi. Wakuu wa serikali walipomtaka mchungaji André Trocmé awatolee majina yao, alikataa waziwazi. Walakini katika kijiji kile kile walikuwako waliotengeneza vyeti vya uongo ili kuokoa watu. Nani atawahukumu? Lakini hata uongo wa namna hiyo tusiuite safi. Tuuweke mbele ya Mungu, tukiomba rehema.

Tatu, tujipime. Zamani niliombwa na jamaa za mama mmoja mgonjwa nimfiche habari ya kufa kwa mwanawe. Aliponiuliza, nikamjibu, "Yu mzima." Baadaye alipopata kujua, hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mchungaji, mwanangu, na yale uliyoniambia juu ya uzima wa milele, je?" Sikuwa na jibu.

Wazalisha wale walijitia hatarini ili wengine waishi. Mimi nilijiponya na machozi ya mama yule, nikauita uongo wangu huruma. Ningaliweza kuketi karibu naye, nikamwambia kweli, nikalia pamoja naye.

Basi, ndugu, kabla ya kuuhesabia haki uongo wetu, tuulize: ni nani anayeokolewa nao, jirani yangu au mimi?