Gari ni imara, lakini je, dereva anaona?

WENGI wetu tunaponunua gari huuliza kwanza juu ya injini, magurudumu na kiasi cha mafuta linachotumia. Ni wachache mno wanaoketi kwenye usukani na kujiuliza: Nikiwa hapa, ni nini nisichokiona?

Swali hili si dogo, msomaji. Katika barabara za Kenya, kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni watembea kwa miguu.

Walioendesha Peugeot 504 wanakumbuka nguzo zake nyembamba pembeni mwa kioo cha mbele. Nguzo kama hizo hazimzibi dereva sana, lakini ni dhaifu gari linapobingirika. Ndiyo maana magari ya kisasa yana nguzo nene, ili paa lisiwaangukie abiria. Boneti nazo zimeinuka, na madirisha yamepungua kimo. Aliye ndani amepata ulinzi, lakini aliye nje amefichwa.

Mwaka wa 2025, taasisi ya IIHS ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti kuhusu jambo hili. Katika Honda CR-V ya 1997, dereva aliona asilimia 68 ya eneo la mbele katika umbali wa mita 10. Katika ile ya 2022, aliona asilimia 28 pekee.

Macho yanavyodanganywa

Mboni za macho ya mtu mzima zimeachana kwa sentimita sita hivi. Nguzo ikiwa nyembamba kuliko hapo, kilichofichika kwa jicho moja huonwa na lile jingine. Ikiwa nene zaidi, macho yote mawili huzibwa.

Hatari huzidi kwenye makutano. Boda boda inayokuja kutoka upande inaweza kubaki nyuma ya nguzo muda wote, kwa kuwa gari nalo linasonga. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari huenda karibu mita 14 kila sekunde.

La kufanya

• Inua kiti uone boneti, mradi miguu ifikie breki vizuri.

• Rekebisha vioo vya pembeni kabla ya kuondoka.

• Kwenye makutano na vivukio, sogeza kichwa mbele na nyuma ili uone kilichojificha nyuma ya nguzo.

• Lizunguke gari kabla ya kuling'oa, hasa penye watoto. Kamera ya nyuma haionyeshi mtoto aliyechuchumaa mbele ya boneti.

Nawe mzazi, mfunze mwanao asipite karibu na pua ya gari lililosimama. Mwambie pia kwamba asipouona uso wa dereva, basi dereva naye hamwoni, kwa hivyo asivuke.