Pima kisima kwanza, pampu baadaye

Ukiingia duka la pampu Kariakoo, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Bosi, unataka hospawa ngapi?" Usilijibu. Hospawa haitoki kichwani kwako wala kwa muuzaji, inatoka kisimani. Huku Chanika visima vinachimbwa kila kukicha, na nimeona pampu nzuri tu zikiungua mapema kwa sababu zilinunuliwa kwa kukisia.

Anza na karatasi. Mchimbaji anayefuata utaratibu hufanya kazi kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na akimaliza huandika taarifa ya kisima: kina, kipenyo cha kesingi, na kesingi zenye matundu zimekaa mita ya ngapi. Idai kabla hujammalizia hela yake. Akishalipwa yote, simu huwa haipokelewi.

Hata ukiwa nayo, pima mwenyewe. Chukua kamba isiyovutika, funga nati kubwa mwishoni, teremsha alfajiri kabla mtu yeyote hajachota. Nati ikigusa maji utasikia chubwi. Piga fundo hapo, kisha endelea mpaka kamba ilegee chini kabisa. Kisima changu kina mita 60, na maji yakitulia yako mita 22 kutoka juu.

Ila hiyo 22 isikudanganye. Kinachotakiwa ni usawa wa maji wakati yanavutwa. Kodi pampu ya majaribio, ivute kwa saa kadhaa huku ukipima kwa ndoo. Kwangu ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 48, ambayo ni lita 1,500 kwa saa, na maji yakashuka mpaka mita 35 yakaganda hapo. Sasa hesabu inawezekana: mita 35, ongeza mita 6 za mnara, ongeza 2 za simtanki, inakuwa 43. Tia asilimia 10 hivi kwa msuguano ndani ya bomba, unafika 47. Nilichokwenda kutafuta dukani, basi, ni pampu inayotoa lita 1,500 kwa saa, au pungufu kidogo, ikiwa inapandisha mita 47.

Hapo ndipo maboksi yanapowapoteza watu. Boksi limeandikwa mita 90 na lita 4,000, nawe unadhani umepata vyote viwili. Hizo ni ncha mbili tofauti: kwenye mita 90 haitoki hata tone, na lita 4,000 zinapatikana pasipo kupandisha maji popote. Omba jedwali la pampu, usome mstari wa mita zako. Pampu ikiwa kubwa kuliko uwezo wa kisima itayamaliza maji, kisha izunguke kavu, na maji hayohayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Kwenye hayo majaribio tumia ndoo nyeupe. Iache itulie, umwage maji polepole, uangalie kitako. Ukiona mchanga, mrudishe mchimbaji akisafishe kisima. Mchanga wa pwani hii ni mwembamba na unasaga feni za pampu kimyakimya.

Mahali pa kuning'iniza: yangu iko mita 45. Iko mita 10 chini ya maji yanapoganda, na juu ya kesingi zenye matundu, ambazo zinaanzia mita 48. Mota hukaa chini ya pampu, hivyo maji yanayopanda kutoka kwenye matundu yanapita ubavuni mwake na kuipoza. Kabla ya kuteremsha chochote cha bei, teremsha kwanza kipande cha bomba chenye unene na urefu wa pampu, kimefungwa kamba madhubuti. Kikikwama, kesingi imepinda, na ni heri kikwame hicho.

Bomba la HDPE la milimita 40 likijaa maji mita 45 linabeba zaidi ya kilo 30 za maji, bado bomba na pampu zenyewe. Kwa hiyo kamba ya nailoni iwe nene, isiwe ile ya kuanikia nguo, na waya wa umeme usibebe uzito hata kidogo. Jointi ya waya ndiyo niliyomsimamia fundi kwa macho mawili. Utepe mweusi peke yake hautoshi. Tumia mipira inayosinyaa kwa moto, kisha ilaze jointi kwenye ndoo ya maji usiku kucha na asubuhi ipimwe kama inavuja umeme.

Pima pia umeme wenyewe, saa 2 usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu. Mota nyingi za volti 230 huvumilia upungufu wa asilimia 10 hivi, yaani volti 207. Ukikuta chini ya hapo, weka kinga ya umeme mdogo kwenye kontrolboksi, pamoja na ile ya kuzima pampu maji yakiisha kisimani.

Siku ya kuteremsha tafuta watu wanne: wawili kwenye bomba, mmoja kwenye kamba, mmoja kwenye waya, akiufunga kwenye bomba kila baada ya mita 3. Ziba mdomo wa kesingi kwa gunia kila mkono unapokuwa karibu, na spana zote zifungwe uzi. Spana ikitumbukia ikajibana kati ya pampu na kesingi, pampu hiyo haipandi tena.